Mlangilangi katika Usiku wa Muscat

Katika nyua za Muscat ambako bado kinasemwa Kiswahili, mmea usiojulikana hupewa jina kwa pua. Ukinukia jioni, na ua lake likawa na petali ndefu za rangi ya manjano iliyochanganyika na kijani, basi ni mlangilangi, maneno yamekwisha. Pua lakini hudanganyika. Mlangilangi, Cananga odorata kwa jina la kitaalamu, una ndugu katika jamii ya mstafeli aitwaye Artabotrys hexapetalus, mwenye ua la rangi hiyohiyo na harufu kali vilevile. Wa kwanza ni mti unaojisimamia, petali zake nyembamba na zimelegea. Wa pili huparamia, petali zake nene, na kikonyo cha ua kimepinda kama ndoana ya kukamatia tawi la jirani. Ndoana hiyo hubaki hata maua yakipukutika, kwa hiyo itafutwe kabla ya kunusa.

Kwani jina ndilo linalotuambia mmea utaumizwa na msimu gani. Vitabu vya bustani vya Ulaya huhofia baridi, ila usiku wa Januari hapa Muscat huwa na nyuzi 17 hivi, na balaa lenyewe huja kuanzia Mei. Atasema mtu: mlangilangi ni wa nchi za joto, joto litaufanya nini? Joto la Unguja hupoa usiku. Tarehe 26 Juni 2018, Quriyat, ndani ya mkoa huu wa Muscat, kipimajoto hakikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 nzima. Jani hutengeneza sukari mchana tu, lakini huichoma mchana na usiku, na kasi ya kuichoma huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10. Wakati huohuo, upepo mkavu wa gharbi ukivuma kutoka jangwani, vitundu vya jani hujifunga kuzuia maji yasipotee, na hewa ya kutengenezea sukari haiingii. Mmea unatumia akiba bila kuingiza kitu. Kuumwagia maji zaidi hakuondoi hasara hiyo, na maji yakiwa ya chumvi yanaiongeza.

Kuuingiza ndani penye kiyoyozi? Mwanga ni haba, hewa kavu. Mashamba ya falaj, mfereji wa jadi wa kumwagilia, yana jibu bora: mtende juu, mindimu na migomba kivulini mwake. Chungu cha udongo nacho ni bora kuliko ndoo nyeusi ya plastiki, kwa sababu hutoa jasho na kupoza mizizi, kama jahla, mtungi wa udongo, ilivyopoza maji ya kunywa kabla ya friji. Waridi la jangwani, Adenium obesum, linaloota porini Dhofar na pwani ya Kenya pia, mambo yake ni kinyume. Hilo hustahimili Juni. Ni Desemba ndipo lipunguziwe maji, maana likipumzika hunywa kidogo sana, na shina lake nene huoza kuanzia chini, pasipoonekana.