Una pumu na wataka paka? Chagua kwa makini

Familia nyingi hufuga paka ili kuwafukuza panya, na watoto nao humpenda kwa kuwa ni mnyama wa kubebwa na kuchezewa. Lakini ikiwa kuna mtu nyumbani mwako anayeugua pumu, au anayepiga chafya na kuwashwa macho kila akaribiapo paka, yakupasa kufikiri vyema kabla ya kumchukua wa kwanza. Paka aweza kuishi miaka 15 au zaidi. Ukimleta leo na kumfukuza baada ya miezi miwili, utakuwa umeongeza paka mwingine wa kuzurura mtaani, naye mtoto wako atabaki akilia.

Si manyoya peke yake

Wengi hudhani kuwa manyoya ndiyo yanayoleta mzio. Kinachodhuru hasa ni protini inayotoka katika mate na ngozi ya paka. Anapojiramba, mate hukauka juu ya manyoya. Kisha vipande vidogo mno vya ngozi na mate makavu hupeperuka hewani na kunata kwenye mazulia, makochi, mapazia na nguo. Vyaweza kubaki humo kwa miezi kadhaa hata baada ya paka kuondoka.

Kwa sababu hiyo, hakuna paka asiyeweza kuleta mzio kabisa. Paka asiyepukutisha manyoya mengi atakupunguzia uchafu nyumbani, lakini si dawa ya pumu.

Yupi anafaa?

Ikiwa hutaki manyoya kila mahali, epuka paka aina ya Persian. Manyoya yake ni marefu na mazito, na yahitaji kuchanwa kila siku. Paka wa Siamese na Burmese wana manyoya mafupi yaliyolala, nao hupukutisha kidogo. Devon Rex na Cornish Rex wana manyoya machache yenye mawimbi. Sphynx huonekana kama hana manyoya kabisa. Hata hivyo, mafuta hujaa kwenye ngozi yake, hivyo ni lazima aogeshwe mara kwa mara, na jua kali humchoma.

Sisi Wakenya pia tuna wetu. Katika eneo la msitu wa Arabuko-Sokoke, Pwani, kuna paka ambaye Wagiriama humwita khadzonzo. Mwaka wa 1978, Jeni Slater aliokota watoto wa paka hao karibu na Watamu akawafuga, na leo aina hiyo yajulikana ng'ambo kwa jina Sokoke. Ana mabaka kama gome la mti, na manyoya yake mafupi karibu hayana sufi ya ndani, ambayo ndiyo hupukutika kwa wingi. Lakini usiende kumkamata wa msituni. Paka mwitu hazoei nyumba kwa urahisi.

Si lazima ununue paka wa bei ghali. Paka wa kienyeji mwenye manyoya mafupi atosha. Jua tu kwamba dume asiyehasiwa hutoa ile protini kwa wingi kuliko jike au dume aliyehasiwa.

Kabla ya kumchukua

Mwone daktari wako kwanza, hasa ikiwa pumu ni kali. Akikubali, mtembelee paka huyo huyo mara kadhaa mahali anapoishi, ukiwa na dawa yako ya kuvuta. Kifua kikibana au ukianza kukohoa, ondoka na umwache paka huyo.

Chagua paka mwenye macho maangavu, pua isiyotoka kamasi, na ngozi isiyo na vipara vya mviringo, kwani mapunye huambukiza watu. Awe ametimiza angalau wiki 8. Akifika miezi mitatu, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa, maana paka pia huambukiza ugonjwa huo.

Akishafika nyumbani

• Asiingie kabisa katika chumba cha kulala cha mwenye pumu.

• Achanwe nje ya nyumba, na mtu asiye na mzio.

• Pangusa sakafu kwa kitambaa chenye maji badala ya kutimua vumbi kwa ufagio.

• Safisha choo chake kila siku. Mama mjamzito asikiguse, kwani kinyesi cha paka chaweza kuwa na vijidudu vinavyodhuru mtoto tumboni.

• Usimpe dawa za watu. Kidonge kimoja cha parasetamoli chaweza kumuua.

• Akikuuma au kukukwaruza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende hospitalini.

Paka akianza ghafla kupukutisha manyoya kupita kawaida, huenda ana viroboto au hapati lishe bora. Mpeleke kwa daktari.

Na ikiwa kila paka unayemjaribu anakubana kifua, kubali kuishi bila paka. Panya wana mitego. Pumzi haina badala yake.