Nukta au mkato? Alama ndogo inayovuruga hesabu za kompyuta

Katika miji ya Louisville, Columbus na Buffalo hapa Marekani, Kiswahili kimekuwa lugha ya kawaida madukani, makanisani na misikitini. Wengi wa wanaokizungumza ni wakimbizi kutoka mashariki ya Kongo, na pamoja nao wapo Warundi, Wabantu wa Somalia, Watanzania na Wakenya. Lugha ni moja, lakini lipo jambo ambalo ndugu hawa hutofautiana, mara nyingi bila wenyewe kujua, nalo ni namna ya kuandika namba.

Aliyesoma Bukavu au Uvira alifundishwa kwa mtindo wa Wabelgiji kwamba mbili na nusu ni 2,5. Aliyesoma Tanga, Mombasa au Jinja alirithi mtindo wa Waingereza, akaandika 2.5. Kodi ya nyumba ya dola elfu moja mia mbili na hamsini kwa Mmarekani na Mkenya ni 1,250.00, wakati Mkongomani ataandika 1.250,00 au 1 250,00. Hakuna aliyekosea. Mkutano Mkuu wa Kimataifa wa Vipimo uliamua mwaka 2003 kwamba nukta na mkato vyote vinakubalika kutenganisha desimali.

Watengenezaji wa kompyuta wanaifahamu tofauti hii. Katika hazina ya takwimu za lugha iitwayo CLDR, inayosimamiwa na shirika la Unicode, Kiswahili cha Tanzania, Kenya na Uganda kimewekewa nukta, na Kiswahili cha Kongo kimewekewa mkato. Kwa hiyo kompyuta mbili zinazosema "Kiswahili" zinaweza kuandika namba ileile kwa sura mbili.

Taabu inaanza pale programu moja inapotumika pande zote mbili. Tuchukue mfano wa chama cha kusaidiana wakati wa misiba. Wanachama 20 wanachanga dola 37 na senti 50 kila mmoja, na kijana wao mmoja amewaandikia programu ya hesabu kwa lugha ya C. Orodha imetayarishwa na ndugu mwenye kompyuta ya Kifaransa, ikaandikwa 37,50. Programu iliyozoea nukta inasoma 37, inakutana na mkato, inasimama hapo. Haipigi kelele wala haitoi onyo. Badala ya dola 750, daftari linaonyesha 740, na mweka hazina anaanza kutazamwa kwa jicho la wasiwasi.

Wengi hudhani kwamba programu ikishageuzwa kuwa lugha ya mashine, tabia yake haibadiliki tena. Sivyo. Ndani ya maandishi ya programu ya C desimali huandikwa kwa nukta siku zote, hata mwandishi awe Lubumbashi. Lakini namna ya kusoma na kuchapisha namba huamuliwa programu inapoanza kufanya kazi. Kwa kanuni za C tangu mwaka 1989, kila programu huanza na mpangilio wa msingi unaoitwa "C", wenye nukta. Ikiita amri ya setlocale na kuiachia nafasi tupu, inachukua desturi ya kompyuta iliyopo. Kuanzia hapo printf inaweza kuchapisha mkato, na strtod ikitarajia mkato itasoma 37.50 kuwa 37.

Kibaya zaidi, si lazima mwandishi aiite amri hiyo mwenyewe. Maktaba za kuchora madirisha kama GTK, na Qt kwenye Linux, huiita kwa niaba yake. Programu iliyokuwa ikihesabu vizuri inaharibika siku ilipoongezewa dirisha zuri. Katika mazingira ya .NET hatari ni nyingine: kwa desturi ya Kijerumani, ambako nukta hutenganisha maelfu, 37.50 inaweza kusomwa kuwa 3750.

Dawa ipo na haina gharama. Tunawashauri vijana wetu wanaojifunza kuandika programu watenganishe mambo mawili: namba anayoisoma mtu na namba inayosomwa na mashine. Kwenye kioo, mwonyeshe mtumiaji namba kwa desturi yake. Kwenye faili, tumia nukta peke yake bila alama ya maelfu. Anayetumia C airudishe LC_NUMERIC kwenye "C" baada ya maktaba kuanza, na anayetumia C++ ya mwaka 2017 na kuendelea anayo from_chars, isiyojali desturi ya mahali. Kisha aijaribu programu yake chini ya fr_FR kabla ya kuigawa. Asisahau kwamba LC_ALL, ikiwekwa, huzishinda LC_NUMERIC na LANG.

Kwa wasiokuwa waandishi wa programu, kabla ya kutuma orodha ya fedha, kubalianeni alama moja. Kiasi kikubwa kiandikwe pia kwa maneno, kama ifanyikavyo kwenye hundi. Na mzazi anayepokea kipimo cha dawa ya mtoto kilichoandikwa kwa mkono, 2,5 au 2.5, amuulize mfamasia akitamke kwa sauti. Alama hiyo ikififia, mbili na nusu inageuka 25.