Ile Swichi Nyekundu ya Keja: Rada ya Maji Moto Isiolo

Wasee wa Leparua wakishuka Isiolo mjini kusaka keja, swali la kwanza huwa renti, la pili maji, la tatu ka keateka ni mtu wa stori ama ni wa kufinya watu. Hakuna mtu huuliza kuhusu ile swichi kubwa iko nje ya bafu, ile ya taa nyekundu. Unalipa dipoziti, unaingiza godoro, alafu jioni unajipata chini ya shawa ukizungusha vitu ka msee anatafuta stesheni kwa redio ya buda.

Na si ushamba, wacha nikuambie. Mtu amelelewa Leparua, pale jirani na hifadhi ya Lewa, anajua mtungi wa lita 20 kuliko msee yeyote wa flati. Anajua unaosha watu wangapi na nani ataoga wa mwisho. Chenye hajapitia ni maji yenye inapashwa na waya. Lakini hiyo hesabu ya mtungi aishike vizuri, ju ndo itamwokolea tokeni.

Kwanza jua uko na mashine gani. Keja mob za bei ya chini huwa na instanti, ile kichwa ya shawa ya plastiki imefungwa kwa bomba na waya zinaingilia nyuma. Haiweki maji, inaichoma ikipita. Ya pili ni hita ya tenki, ile pipa imening'inia ukutani, lita 30, 50 ama zaidi. Hiyo iko na themostati ndani: maji ikifika joto yenye imepangwa, stima inakata yenyewe, ikipoa inarudi.

Hapo ndo mtaa hubishana. Utaskia msee wa Kulamawe akiapa ati ukilala na swichi on, asubuhi tokeni imeisha. Ka uko na tenki, jamaa hajakudanganya sana, ju maji inapoa polepole na mashine inaamka kuirudisha moto, usiku mzima, na hakuna mtu anaoga. Ka uko na instanti, anakubeba ufala. Maji isipopita, elementi haiwaki, na ile taa nyekundu inakula kitu kidogo hutaiona kwa mita. Zima tu bado, lakini zima ju ya usalama.

Sasa shuka na mimi ndani ya hiyo instanti. Kuna kampira kembamba hapo. Ukifungua bomba, presha ya maji inasukuma huo mpira, mpira unakutanisha vyuma, stima inapita kwa elementi. Basi. Ile nobu ya kuchagua baridi, vuguvugu ama moto inaamua tu elementi itavuta nguvu kiasi gani. Joto lenyewe unalipimia kwa bomba. Chukua kichwa ya wati 5,400: ukifungua maji ipite lita 3 kwa dakika, inapanda kitu digrii 26. Ukifungua lita 6, inapanda 13 pekee. Stima ni ile ile, imegawanywa kwa maji mingi.

Ndo maana binamu yako wa Nanyuki, kwenye maji ya bomba ni barafu, analalamika ati shawa yake imekufa na yeye ndo amefungua bomba mpaka mwisho. Apunguze. Na wewe wa Isiolo, maji yako ikitoka kwa tenki ikiwa na digrii 25, ukiweka nobu kwa moto na ufungue kidogo, unacheza na digrii 50. Hiyo si kuoga, hiyo ni kuchuna mbuzi. Vuguvugu inakutosha karibu mwaka mzima.

Kuna wale wamechukua keja ya juu kabisa ju ya upepo na vyu ya milima. Poa, lakini tenki iko hapo tu juu ya kichwa yako, presha hakuna. Mpira hausukumwi, shawa haiwaki, na unalaumu fundi. Yule wa chini anaoga freshi na renti yake ni ndogo. Maze, hiyo huwa inauma.

Nobu usiigeuze maji ikipita. Funga bomba, geuza, fungua tena, ju ukigeuza stima ikiwa ndani unarusha cheche na kuchoma vyuma. Na shawa mpya usiiwashie stima kabla maji haijaijaza. Elementi ikiwaka bila maji inakufa papo hapo, na hakuna duka itakubali hiyo stori.

Sasa chumvi. Hapa ndo nataka uniskie vizuri, ju hii ni ishu ya pande zetu kuliko Nairobi. Maji ya kisima huku mara mob iko na chumvi. Angalia tu ile weupe inabaki kwa sufuria ya chai. Maji ya chumvi inapitisha stima kuliko maji tamu. Kuna instanti zenye elementi yake ni waya mtupu, umekaa ndani ya maji bila kitu. Weka hiyo kwa maji ya chumvi na utaanza kuskia vitu vikikutekenya ukigusa bomba ya chuma. Wasee hucheka, ati "inakushika kidogo." Hakuna kidogo hapo. Uko uchi, umelowa, umesimama kwa simiti.

Kwa hivyo ukienda duka ya vifaa vya stima, sema unataka ya maji ya chumvi. Wanajua, wanaiweka. Elementi yake imevalishwa ganda, waya wenye moto haugusi maji. Bei inapanda kiasi, lipa. Alafu hakikisha fundi ameunga ule waya wa kijani na manjano, wa kupeleka stima chini ikivuja. Kuna mafundi huukunja na kuuficha ju wameona mashine inawaka bila huo. Inawaka, eeh. Lakini kuwasha si kazi ya huo waya.

Chumvi pia inaziba vitobo vya shawa. Maji inabanwa, inakuwa moto sana, elementi inaungua mapema. Zima kila kitu, toa ile sahani ya mbele, iloweke kwa siki, isugue na mswaki mzee. Mathe hakukufundisha hiyo lakini angeipenda.

Tuongee waya. Wati 5,400 kwa volti 240 ni ampia 22 na nusu. Hiyo haiendi kwa soketi ya kawaida ya ampia 13, hata ukibembeleza. Inataka laini yake yenyewe kutoka kwa boksi, waya mnene wa milimita 6 za mraba, na breka yake. Landlodi akitaka kusevu anapitisha ule mwembamba wa soketi. Ukioga dakika kadhaa alafu unuse plastiki ikichomeka hapo kwa swichi, hiyo ndo hiyo. Wacha kutumia, ita fundi.

Na doh? Yuniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, so dakika 10 za hiyo shawa ni karibu yuniti 0.9. Rudi sasa kwa mtungi wa Leparua: lita 20 kutoka digrii 25 hadi 40 inataka kitu yuniti 0.35. Tofauti yote ni ile muda unasimama ukiimba. Tangu Aprili 2023, bei ya stima ya nyumbani inabadilika ukipita yuniti 30 kwa mwezi, na tena ukipita 100. Shawa ndo hukuvukisha huo mpaka bila kukuaga.

Lakini sisi tuko karibu kabisa na ikweta, bana. Tenki nyeusi juu ya paa inachomwa na jua kutwa. Maji ikifika digrii 35 saa kumi jioni, kuipeleka 40 inataka theluthi ya ile stima ya maji ya digrii 25. Oga saa kumi na mbili, usingoje usiku na alfajiri tenki ikipoa. Serikali ilileta kanuni 2012, ati jengo lenye linatumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku liweke sola ya kupasha maji. Tembea mtaa wa Bulla Pesa ukiangalia paa, alafu uniambie.

So siku ya kuangalia keja, kabla utoe hata soo, omba keateka awashe shawa ukiwa hapo. Acha ipige dakika tano, alafu weka mkono kwa swichi ya nje: ikiwa moto, hiyo waya haitoshi. Uliza mita ni yako ama ni ya ploti nzima, ju ka ni ya wote, kuna landlodi hupiga marufuku shawa alafu bado anakuuzia keja ati iko na maji moto. Na muulize elementi ikiungua nani ananunua. Wengi watakuambia ni wewe. Sawa, lakini iandikwe sasa, na ile mzee ukiitoa mwonyeshe, risiti ubaki nayo.