Kuzitafuta Familia za Kwanza za Kihindi Nakuru: Utangulizi

Huenda umekulia Nakuru, umetumwa sukari dukani kwa Mhindi tangu utotoni, na hujawahi kujiuliza familia yake ilifikaje hapa. Au wewe mwenyewe ni mjukuu wa familia hiyo, na wazee wanaojua mambo wanazidi kupungua. Utangulizi huu ni wenu nyote. Hauhitaji shahada, unahitaji daftari, subira, na adabu ya kumwacha mzee amalize kusema.

Tuanze na msingi. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900 na Ziwa Viktoria mwaka 1901. Waingereza waliwaleta vibarua wa mkataba zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Kibarua wa mkataba ni mtu aliyejifunga kwa maandishi kufanya kazi kwa muda maalumu, hapa miaka mitatu, kisha arudishwe kwao. Wanaoanza utafiti hudhani kila Mhindi wa Kenya ni mjukuu wa vibarua hao. Sivyo. Wengi walirudi, waliobaki hawakufika 7,000. Wenye maduka, hasa waliotoka Gujarati na Kachi, walikuja kwa nauli yao na kuifuata reli kituo baada ya kituo. Na kwa kuwa serikali ya kikoloni ilizitenga nyanda za juu kwa walowezi wa Kizungu, Wahindi walizuiwa kumiliki mashamba huko. Kwa hiyo utawatafuta zaidi dukani, karakanani na stesheni.

Sasa tuingie kwenye vyanzo. Chanzo cha msingi ni kumbukumbu iliyotoka kwa watu wa wakati wenyewe: barua, leseni, picha, daftari la duka. Kumbuka jambo moja kuliko yote: kila kumbukumbu iliwekwa kwa haja ya aliyeiweka. Chukua tangazo la mirathi katika Gazeti Rasmi la Serikali, linalochapishwa tangu 1899. Tangazo hilo huwaita wanaomdai marehemu wajitokeze. Litakupa jina, mji, na mara nyingi tarehe ya kifo. Watoto wake huenda wasitajwe kabisa, kwa sababu aliyeliandika alikuwa akitafuta wadai.

Makaburi nayo yana mipaka. Waislamu na Wagoa, yaani Wakristo wenye asili ya Goa, huzika, hivyo utasoma majina kwenye mawe. Wahindu na Masingasinga huchoma maiti. Kwao, tazama vibao vya wafadhili kwenye kuta za mahekalu ya Wahindu na gurudwara, nyumba za ibada za Masingasinga.

Majina yatakuchanganya, usivunjike moyo. Singh hubebwa na wanaume wengi wa Kisingasinga, na Kaur na wanawake wao, kwa hiyo Singh wawili si lazima wawe ndugu. Tafuta jina la baba na la kijiji. Kijiji hicho nacho huenda leo kiko Pakistani, kwani Punjabi iligawanywa mwaka 1947.

Wanawake ndio wagumu zaidi kuwapata, maana mikataba ya reli iliandika wanaume. Hapo utahitaji historia simulizi, yaani ushahidi unaorekodiwa kutoka kinywani mwa anayekumbuka. Zungumza na bibi wa familia, pia na Mwafrika aliyepika au kuuza katika nyumba hiyo. Aliyoyaona jikoni hayamo ofisini. Wengine utawafuata Uingereza, walikohamia wengi mwaka 1967 na 1968, wakaondoka na albamu zao.

Anza wiki hii kwa mtu mmoja aliye hai, urudi nyuma kizazi kwa kizazi. Kando ya kila jambo andika nani alikuambia na lini. Baadaye nenda Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi, mahali zinapotunzwa kumbukumbu za serikali, ulinganishe. Mzee akisema babu alifika 1902 na karatasi ikasema 1908, usifute mwaka hata mmoja: uliza kila upande ulikuwa ukihesabu kuanzia wapi. Hapo utafiti wako utakuwa umeanza.