Mashabiki waliookoa historia ya midoli ya Star Wars

Ukikaa na mkusanyaji wa midoli ya zamani ya Star Wars, usishangae akiomba glasi ya maji asiyokusudia kuyanywa. Atatumbukiza humo bunduki ya plastiki, fupi kuliko kidole cha mtoto, kisha atainama kuitazama. Ikielea, uso wake unakunjuka. Ikizama, anaanza kuuliza ilinunuliwa kwa nani. Bunduki nyingi zilizotoka kiwandani kati ya mwaka 1978 na 1985 huelea, na nyingi za kuigiza huzama. Kipimo hicho hakitoshi peke yake, maana zipo za asili zinazozama na za bandia zinazoelea. Kwa hiyo baada ya maji huja kioo cha kukuzia, kisha picha za bunduki nyingine za aina ileile, zikilinganishwa mshono kwa mshono pale kalibu ilipofungia plastiki.

Wapo watakaosema huo ni utoto wa watu wazima. Mimi nauona kuwa ni utafiti wa kweli. Midoli hii ilitengenezwa ichezewe, ivunjike na itupwe. Kampuni iliyoiuza haipo tena. Mengi tunayoyajua leo kuhusu jinsi ilivyobuniwa, kufinyangwa na kusambazwa duniani yamekusanywa na mashabiki kwa fedha na muda wao wenyewe, na kazi hiyo inastahili kuzungumzwa kuliko bei za minadani ambazo ndizo hupata nafasi kwenye magazeti.

Kampuni hiyo iliitwa Kenner, ya mjini Cincinnati katika jimbo la Ohio, Marekani. Mego ya New York, iliyokuwa ikitamba wakati huo kwa midoli ya mashujaa wa katuni yenye urefu wa sentimita 20 hivi, ilipelekewa mradi wa Star Wars mwaka 1976 ikaukataa. Kule Kenner, mbunifu Jim Swearingen aliusoma mswada wa filamu, akaupenda, na akawashawishi wakubwa wake. Inasimuliwa kwamba rais wa kampuni, Bernard Loomis, alipoulizwa midoli iwe na ukubwa gani, alitenganisha kidole gumba na cha shahada akaonyesha nafasi iliyo katikati. Ikapimwa, ikawa kama sentimita 9.5.

Uamuzi huo ulikuwa na akili kubwa ndani yake. GI Joe, askari wa kampuni ya Hasbro aliyeingia madukani mwaka 1964, alikuwa na urefu wa sentimita 30. Kwa kipimo hicho, chombo cha anga cha Millennium Falcon ambacho mtoto angewapakia mashujaa wake kingekuwa kikubwa kama kitanda. Tena bei ya mafuta ilikuwa imepanda tangu mwaka 1973, na plastiki hutokana na mafuta. Mdoli mdogo ulikula plastiki kidogo, ukauzwa kwa bei ambayo mzazi angeweza kuitoa mara kwa mara, na ukaacha nafasi ya kuuza vyombo, majumba na wanyama wa kuupandisha.

Filamu ilitoka tarehe 25 Mei 1977, na Kenner haikuwa tayari. Watu walijipanga foleni kwenye majumba ya sinema huku kiwanda kikiwa hakina mdoli hata mmoja wa kuuza. Krismasi ilipokaribia, Loomis na wenzake wakafanya jambo ambalo wafanyabiashara wengi wangeliogopa: waliuza bahasha kubwa ya kadibodi yenye picha, stika na cheti. Mtoto alijaza cheti, akakituma kwa posta, na mwaka uliofuata akaletewa midoli minne: Luke Skywalker, Princess Leia, Chewbacca na R2-D2. Mwaka huo wa 1978 Kenner iliuza zaidi ya vipande milioni 40 vya bidhaa za filamu hiyo.

Kutoka hapo hadi mwaka 1985 ilitolewa midoli ya aina karibu 100, na kila aina ina mambo yake. Mfano ninaoupenda ni Jawa, kile kiumbe kifupi cha jangwani chenye macho ya kung'aa gizani. Jawa wa kwanza alivalishwa joho la vinili. Baadaye wakuu wa Kenner wakaona kwamba mdoli mfupi namna ile, wenye kijijoho cha plastiki, haulingani na bei yake, iliyokuwa sawa na ya midoli mirefu. Wakambadilishia, wakampa joho la kitambaa. Wa vinili alikuwa ametoka kwa muda mfupi tu, kwa hiyo leo ni miongoni mwa wanaotafutwa zaidi. Hapo ndipo uovu ulipoingia. Joho la vinili la Ben Kenobi, mdoli unaopatikana kwa urahisi, lilikatwa likapunguzwa, likavalishwa Jawa wa kawaida, na mnunuzi asiyejua akalipa fedha nyingi. Wakusanyaji walijifunza kulitambua kwa rangi, unene na umbo la matundu ya mikono, wakayaandika hayo yote na kuyagawa bure ili mwingine asiibiwe.

Jambo kama hilo linaonekana kwa Boba Fett, mwindaji wa watu aliyeahidiwa kwa watoto mwaka 1979 kabla hata hajaonekana kwenye filamu ya pili. Mtoto aliyetuma vithibitisho vinne vya ununuzi angepewa mdoli unaofyatua roketi mgongoni. Wakati Kenner ikiuandaa, mtoto mmoja Marekani alipaliwa na kombora dogo la chombo cha kuchezea cha Battlestar Galactica, kilichotengenezwa na kampuni nyingine, akafariki. Kenner ikaacha mpango. Boba Fett waliofika kwa posta walikuwa na roketi iliyogandishwa. Wale wa kufyatua walibaki kuwa sampuli za kiwandani, na mmoja wao aliuzwa mwaka 2024 kwenye mnada wa Heritage huko Marekani kwa dola 525,000. Ni bei ya kutisha, na naelewa kwa nini inatangazwa. Lakini bila watu waliokaa miaka mingi wakitofautisha sampuli ya awali na ya baadaye kwa umbo la tundu la roketi, mnunuzi asingekuwa na njia ya kujua analipia nini.

Kenner ilinunuliwa na Tonka mwaka 1987, nayo Tonka ikamezwa na Hasbro mwaka 1991. Ofisi za Cincinnati zilifungwa mwaka 2000. Katikati ya mabadiliko hayo, mashabiki walianza kuwatafuta waliokuwa wafanyakazi: wachongaji, wachoraji wa vifungashio, wapiga picha, watu wa ukaguzi wa ubora. Walikuta vitu vilivyosahaulika kwenye magaraji na vyumba vya chini. Kulikuwa na vichongo vya nta. Kulikuwa na midoli ya rangi za ajabu, iliyomiminwa kwa plastiki yoyote iliyokuwa kwenye mashine ili kujaribu kalibu. Kulikuwa na kadi za vifungashio ambavyo havikuwahi kuchapishwa kwa wingi. Pamoja na vitu hivyo walirekodi masimulizi: nani alichonga nini, kwa nini joho lilibadilishwa, nani alikataa rangi fulani. Wanahistoria wa viwanda wangetamani kumbukumbu za namna hiyo kwa bidhaa nyingine nyingi za karne iliyopita.

Na utafiti haukuishia Ohio. Uingereza midoli iliuzwa na Palitoy ya Coalville, Ufaransa na Meccano, Japani na Takara, Mexico na Lili Ledy ambayo mavazi yake ya kitambaa yana tofauti zinazoonekana. Mdoli wa mwaka 1985 uitwao Yak Face haukuuzwa kabisa Marekani. Mmarekani anayeutaka lazima autafute kwa Wakanada, watu wa Ulaya au Waaustralia. Brazil ina Vlix wa kampuni ya Glasslite, ambaye hakutolewa mahali pengine. Uturuki kulitengenezwa midoli ya Uzay bila leseni, katika rangi ambazo hazikuwahi kuonekana kwenye filamu, na leo hiyo nayo inatafutwa kwa bei kubwa. Sioni ubaya katika hilo. Uzay ulitengenezwa kwa ajili ya watoto wa Kituruki wa miaka ya 1980, nao ni sehemu ya maisha yao. Ni tofauti kabisa na mtu wa leo anayemimina bunduki mpya chumbani kwake na kuiuza kama ya mwaka 1978.

Afrika Mashariki nayo imo, kwa njia ambayo wengi hawaijui. Katika filamu ya Return of the Jedi ya mwaka 1983, Lando Calrissian anasaidiwa kurusha chombo na rubani mwenye mashavu makubwa aitwaye Nien Nunb. Sauti yake ni ya Kipsang Rotich, Mkenya aliyekuwa mwanafunzi Marekani, akizungumza Kikalenjin na Kikikuyu. Mdoli wa Nien Nunb nao ulitolewa kwanza kwa posta, kwa watoto waliotuma vithibitisho vya ununuzi. Rotich aliitwa tena kumpa sauti Nien Nunb katika filamu ya mwaka 2015. Mkusanyaji wa Nairobi au Eldoret akitafuta mdoli mmoja tu wa kuanza nao, sioni mwingine unaomstahili zaidi.

Jumuiya yenyewe ilikulia kwenye matangazo madogo ya majarida ya vitu vya kuchezea na kwenye magulio ya Jumapili. Tangu mwaka 1999 imekuwa ikikutana kwenye Star Wars Celebration, mkutano ulioanzia Denver. Usiku, baada ya kumbi kufungwa, wakusanyaji hufungua milango ya vyumba vyao vya hoteli, hutandaza midoli vitandani, na biashara hufanyika hadi usiku wa manane. Huko watu hununua, hubadilishana, na zaidi ya yote huuliza maswali.

Uaminifu ndio unaoishikilia jumuiya hii, na umewahi kujaribiwa vibaya. Steve Sansweet, aliyekuwa mwandishi wa Wall Street Journal kabla ya kufanya kazi Lucasfilm, aligeuza shamba la kuku huko Petaluma, California, kuwa makumbusho ya Rancho Obi-Wan, yaliyotambuliwa na Guinness mwaka 2013 kuwa na mkusanyiko mkubwa kuliko wote wa Star Wars. Mwaka 2017 alitangaza kwamba zaidi ya vitu 100 vilikuwa vimeibwa, vingi vikiwa ni midoli ya zamani kwenye vifungashio vyake, na kwamba mwizi alikuwa mtu aliyemwamini kama rafiki. Jambo hilo lilifichuliwa na wakusanyaji wenyewe, waliovitilia shaka vitu vilivyokuwa vikiuzwa wakaanza kuulizana vilikotoka. Macho yaleyale yanayotazama bunduki ndani ya glasi yalitambua mali ya wizi.

Yapo mambo wanayobishania wakusanyaji. Midoli myeupe, hasa ya askari wa Stormtrooper, hugeuka manjano kadiri plastiki inavyozeeka na kupigwa na mionzi ya jua. Wengine huirudishia weupe kwa peroksaidi ya haidrojeni na mwanga. Wengine wanasema manjano yatarudi, na kwamba mdoli ulioguswa na kemikali si uleule tena. Mimi nipo na hawa wa pili. Ubishi mwingine ni wa kampuni kama AFA ya Marekani, ambazo huupima mdoli, huupa alama na kuufungia ndani ya kasha la akriliki. Kwa mdoli ambao bado uko kwenye kadi yake, kasha hilo ni kinga nzuri. Kwa mdoli uliochezewa, naliona ni kosa, kwa sababu aliyeufungia amewanyima wenzake nafasi ya kuushika, kuugeuza na kuuchunguza, na ujuzi wote huu umepatikana kwa kushika.

Kama nyumbani kwenu kuna mdoli wa aina hii, labda ulioletwa na ndugu aliyesoma ng'ambo miaka ile, usiusugue, usiupake rangi, wala usiununulie silaha mpya. Soma maandishi yaliyo nyuma ya mguu, kwani mara nyingi hutaja mwaka na nchi ulikotengenezwa. Upige picha mbele na nyuma, uwaulize wajuzi zaidi ya mmoja kabla hujakubali bei ya yeyote. Na ukiamua kuuuza, mweleze mnunuzi kila unachokijua kuuhusu, ukianza na kile kilichobadilishwa.