MWALIMU ASHIKE CHAKI AU BASTOLA?



Huko Marekani kuna ubishi ambao haujaisha: je, walimu wapewe silaha ili wawalinde watoto shuleni? Sisi wa viwandani na mashambani yafaa tuutazame ubishi huu, maana ni jambo la kazi na wajibu wa mwajiri.

Chanzo chake ni msiba. Tarehe 14 Desemba 2012, kijana mwenye bunduki aliingia shule ya msingi ya Sandy Hook, jimbo la Connecticut, akaua watoto 20 na watu wazima 6. Tarehe 14 Februari 2018 waliuawa watu 17 katika shule ya sekondari mjini Parkland, Florida. Tarehe 24 Mei 2022 wakauawa watoto 19 na walimu 2 huko Uvalde, Texas.

Baada ya Parkland, Rais Trump alisema walimu wanaojua silaha wabebe bastola, na walipwe nyongeza kidogo. Wanaomuunga mkono wana hoja, na si haki kuzificha. Wanasema muuaji huua wengi kwa dakika chache, na shule nyingine za vijijini ziko mbali na polisi. Wanasema pia kwamba halazimishwi mtu, ni hiari. Florida iliwaruhusu walimu wa darasani mwaka 2019, na Tennessee mwaka 2024.

Sasa tuzipime hoja hizo. Pale Parkland alikuwapo askari mwenye silaha, naye alibaki nje. Pale Uvalde walifika askari zaidi ya 300, na ilipita zaidi ya saa nzima kabla hawajamwua yule mtu. Ikiwa watu ambao bunduki ndiyo kazi yao walishindwa, mwalimu aliyezungukwa na watoto wanaolia atafanya nini? Huko Ohio, sheria ilimtaka mwalimu mwenye silaha apate mafunzo ya zaidi ya saa 700. Mwaka 2022 wakubwa waliyateremsha hadi saa 24. Na bastola haina urafiki. Mwezi Machi 2018, huko California, mwalimu aliyekuwa pia askari wa akiba alifyatua risasi darasani kwa bahati mbaya, wakati akifundisha usalama wa silaha! Mwanafunzi akaumia.

Hata matajiri wa bima waliogopa. Kansas iliporuhusu silaha shuleni mwaka 2013, kampuni iliyokuwa na bima za shule nyingi za jimbo hilo ilikataa shule zenye walimu wa bunduki. Tajiri wa bima hafanyi siasa, anapiga hesabu ya hasara.

Na walimu wenyewe je? Walipoulizwa mwezi Machi 2018, 73 katika kila 100 walikataa. Vyama vyao vikubwa viwili, NEA na AFT, vilipinga. Vilitaka silaha zisipatikane ovyo, na shule zipate wauguzi na washauri wa watoto.

Tena angalieni jambo hili. Wiki ile ile Trump aliyotaja nyongeza ya bastola, walimu wapatao 20,000 wa West Virginia waligoma. Walilalamikia mishahara midogo na gharama za matibabu. Shule zilifungwa katika wilaya zote 55, na walirudi kazini mwezi Machi baada ya kupata nyongeza ya asilimia 5. Kwa hiyo fedha za chaki zilipatikana kwa mgomo, lakini za bastola zilitajwa bila hata kuombwa.

Ndugu zangu, desturi hii tunaijua. Mpulizaji dawa akiugua shambani, huambiwa hakujifunika vizuri, na glavu hakupewa. Mashine isiyo na kinga ikikata kidole, huambiwa alizembea. Wajibu wa mwajiri huhamishwa kimyakimya hadi begani kwa mfanyakazi. Na neno "hiari" tulipime vizuri, kwa kuwa hiari ya leo yaweza kuwa sharti la ajira kesho.

Usalama kazini ni deni la mwajiri. Katika mkutano ujao wa tawi tuulizane: hapa petu, ni mzigo gani wa mwajiri ambao tumekwisha kuuzoea kama wetu?