UZI: "Biashara ya wageni imelipa ushuru sufuri!" Ni kweli ama ni siasa tu?

1/ Kila msimu wa siasa lazima mtu apande jukwaani na karatasi mkononi: "Hawa wageni wamejaza ritani na wamelipa sufuri!" Umati unawaka. Upande wa pili unajibu: "Uongo, ritani zao zote ziko sawa na ziliingia kwa wakati." Wote wawili wanaweza kuwa wanasema ukweli, na wewe bado hujaambiwa kama ushuru ulilipwa. Tuelezane polepole.

2/ Kwanza uliza: ni kampuni ama ni ubia? Mambo mengi yanachanganyikia hapo. Ubia ni watu wawili au zaidi wanaofanya biashara pamoja na kugawana faida. Mbia anaweza kuwa mtu binafsi ama kampuni, Mkenya ama mgeni. Kampuni hulipa ushuru wa mapato yenyewe. Ubia wa kawaida haulipi.

3/ Basi nani analipa? Wabia. Ubia unajaza ritani kwa iTax kuonyesha mapato, gharama, faida na fungu la kila mbia. Kisha kila mbia anaingiza fungu lake kwa ritani yake, kwa PIN yake, na hapo ndipo ushuru unahesabiwa. Kwa hivyo ritani ya ubia kusoma sufuri si kashfa. Ndivyo sheria ilivyo.

4/ Mfano wa kubuni. Ubia Nairobi umepata faida ya Sh40 milioni. Mbia Mkenya ana 30%, kampuni ya nje ina 70%. Mkenya anabeba Sh12 milioni na kutozwa kwa viwango vya watu binafsi, vinavyopanda kutoka 10% hadi 35%. Kampuni ya nje inabeba Sh28 milioni kwa 30%: hiyo ni Sh8.4 milioni. Ubia wenyewe? Sufuri.

5/ Sasa makataa. Ritani inafaa kuingia kufikia mwisho wa mwezi wa sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Hesabu zikifungwa 31 Desemba, siku ya mwisho ni 30 Juni. Shida ni kwamba ubia na mbia binafsi wana siku hiyo hiyo moja. Ubia ukikamilisha hesabu 29 Juni usiku, mbia atajuaje fungu lake na ajaze lini?

6/ Na mbia wa nje ana kalenda yake. Kampuni inayofunga hesabu 31 Machi ina hadi 30 Septemba kujaza ritani. Kwa hivyo mtu akipiga kelele Julai kwamba "mbia wa nje hajajaza", uliza kwanza mwaka wake wa hesabu unaisha lini. Pengine kachelewa, pengine siku yake haijafika.

7/ Kujaza si kulipa. Kwa wanaofunga Desemba, ushuru hulipwa kwa awamu nne: 20 Aprili, 20 Juni, 20 Septemba na 20 Desemba, mwaka ukiendelea. Salio ni kufikia 30 Aprili mwaka unaofuata. Yaani pesa inatakiwa miezi miwili kabla ya ritani. Mbia anayengoja Juni ndiyo aulize hesabu tayari amechelewa.

8/ Ukichelewa je? Ritani ya mtu binafsi: Sh2,000 ama 5% ya ushuru, chochote kilicho kikubwa. Kwa asiye mtu binafsi: Sh20,000 ama 5%. Ukichelewa kulipa, kuna 5% nyingine pamoja na riba ya 1% kila mwezi. Rudi kwa mfano wetu: kampuni ya nje ikichelewesha ritani yake, faini ni Sh420,000. Lakini ubia ukichelewesha yake, 5% ya sufuri ni sufuri, kwa hivyo inabaki Sh20,000.

9/ Huu ndio mjadala tunaostahili kusikia jukwaani. Ritani ya ubia ndiyo inayomwonyesha KRA nani alipata nini, lakini kuichelewesha ni Sh20,000, uwe na faida ya laki nne ama milioni mia nne. Kwa mkubwa hiyo ni pesa ya chai. Kwa vijana wawili wenye ubia wa saluni, ni kodi ya nyumba.

10/ "Wageni wamepunguziwa ushuru!" Nusu ya hadithi. Tangu Januari 2024 kampuni isiyo mkaazi yenye biashara ya kudumu hapa inatozwa 30%, kutoka 37.5%. Lakini sheria hiyo hiyo ya 2023 ilileta 15% juu ya faida inayorudishwa nje. Anayetaja namba moja tu anakuuzia kitu.

11/ Kwa Mkenya aliye ama anayetaka kuingia kwa ubia na mgeni: PAYE (kufikia tarehe 9) na VAT (kufikia tarehe 20) ni za ubia wenyewe, kila mwezi. Kwa ubia wa kawaida, deni la biashara ni deni la wabia wote. Mwenzako akipanda ndege, mlango utakaobishwa ni wako. Andikeni kwa mkataba nani anajaza nini, na hesabu zifungwe lini. Machi si mapema.

12/ Na ile karatasi ya jukwaani? Sheria inamkataza afisa wa KRA kutoa siri za mlipa ushuru. Kwa hivyo unaonyeshwa kipande kimoja, kilichochaguliwa na mwenye kukionyesha.

13/ Ukisikia hiyo hotuba tena, uliza manne:
• Hiyo ni ritani ya ubia ama ya mbia?
• Mwaka wa hesabu unaisha lini?
• Wamejaza, ama wamelipa?
• Wewe ukipewa kura, hiyo faini ya Sh20,000 utaifanya nini?

Sheria ya Fedha hugusa viwango hivi karibu kila mwaka, kwa hivyo angalia ya mwaka unaohusika. Una swali? Weka hapo chini tujadiliane.